Sauti Isiyolipwa: Kisa cha Randy Travis

Katika ziara za miaka ya karibuni zinazobeba jina la mwimbaji wa kantri wa Marekani, Randy Travis, anayesimama mbele ya kipaza sauti si Randy Travis. Ni James Dupré, mwimbaji mzaliwa wa Louisiana, akisindikizwa na wanamuziki waliompigia Travis ala kwa miaka mingi. Travis mwenyewe huwapo. Husikiliza, hutabasamu, huwatazama watu waliolipa kiingilio ili wakae ukumbi mmoja naye. Wimbo wa kufungia ni "Forever and Ever, Amen", na unapofika ukingoni Dupré humwachia mwenye wimbo neno la mwisho. Travis huimba "Amen", na ukumbi mzima husimama.

Neno hilo moja limebaki kutoka kwenye sauti iliyouza mamilioni ya rekodi na kuurudisha muziki wa kantri kwenye misingi yake. Kisa ninachokichambua hapa kina sehemu tatu ambazo kwa kawaida husimuliwa mbalimbali: jinsi sauti hiyo ilivyokataliwa kisha ikatukuzwa, jinsi ilivyopotea mwaka 2013, na jinsi ilivyorudishwa mwaka 2024 kwa msaada wa akili mnemba. Nadhani zinafaa kusomwa pamoja, kwa sababu zote zinagusa swali lile lile la thamani ya sauti ya mtu ambaye si yeye aliyetunga maneno anayoyaimba, na la nani anayemlipa kwa sauti hiyo.

Randy Bruce Traywick alizaliwa tarehe 4 Mei 1959 huko Marshville, North Carolina. Baba yake alipenda rekodi za Hank Williams, Lefty Frizzell na George Jones, akataka wanawe wapige muziki huo huo. Randy alipiga, lakini pia aliacha shule mapema, akanywa, akaendesha magari kwa fujo na kufikishwa mahakamani mara kwa mara. Alipokuwa kijana wa miaka ya mwanzo ya utu uzima na kifungo kikimkodolea macho, Lib Hatcher, mwanamke aliyemiliki ukumbi wa muziki mjini Charlotte, alimwomba hakimu amkabidhi kijana huyo. Hakimu alikubali, kwa onyo kwamba akirudi tena mbele yake asitarajie huruma. Hatcher akawa mlezi wake, kisha meneja wake, na mwaka 1991 mke wake. Waliachana mwaka 2010.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wawili hao walihamia Nashville, mji ambao ndio makao makuu ya muziki wa kantri. Hatcher alipata kazi ya kusimamia ukumbi wa Nashville Palace, na Randy akaajiriwa jikoni. Alikaanga kambare, akaosha vyombo, na kila alipoitwa alivua aproni, akapanda jukwaani kuimba, kisha akarudi kwenye karai la mafuta. Kampuni za rekodi mjini humo zilimsikiliza na kumkataa, nyingine zaidi ya mara moja, kwa sababu ambayo leo inaonekana ngeni: sauti yake ilikuwa ya kantri mno.

Sababu hiyo inaeleweka mtu akikumbuka hali ya muziki wenyewe wakati huo. Filamu ya "Urban Cowboy" ya mwaka 1980 ilikuwa imeufanya muziki wa kantri kuwa fasheni ya mijini, na watayarishaji wakaupaka vinanda vya umeme na vibwagizo laini ili upokelewe na wasikilizaji wa pop. Fidla na lile gitaa la kulazwa ambalo mpigaji hutelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi zake, ala mbili ambazo ndizo harufu ya muziki huu, zilisukumwa pembeni. George Strait, Ricky Skaggs na John Anderson walikuwa wameanza kuzirudisha, lakini wenye fedha bado waliwaona kama wachache wenye bahati yao.

Martha Sharp wa kampuni ya rekodi ya Warner Bros. ndiye aliyethubutu kumchukua, mwaka 1985, na jina likabadilika kuwa Randy Travis. Mtayarishaji Kyle Lehning aliingia naye studio na kufanya jambo lililohitaji ujasiri katika zama zile: aliacha nafasi. Ukisikiliza rekodi hizo za mwanzo, ala zimesogezwa nyuma kidogo, na katikati imebaki sauti nzito ya kiume inayoanza neno juu, ikaliviringisha, ikaliangusha polepole mpaka chini kabisa, pale ambapo waimbaji wengi huishiwa pumzi. Mtindo huo wa kukunja irabu ulitoka kwa Lefty Frizzell kupitia Merle Haggard, na Travis hakuwahi kuficha kwamba aliurithi. Alichoongeza yeye ni utulivu. Haggard akiimba huzuni unasikia hasira chini yake, ilhali Travis huimba kama mtu aliyekwisha kulia jana.

Wimbo "On the Other Hand" ulitungwa na Paul Overstreet na Don Schlitz. Ni maneno ya mume anayevutwa na mwanamke mwingine, anayehesabu kwa mkono mmoja sababu za kubaki naye, kisha akakumbuka kwamba mkono wake wa pili una pete. Ulitolewa mwaka 1985 ukaishia nafasi ya 67 kwenye chati ya kantri ya jarida la Billboard. Kampuni haikukata tamaa nao. Ilitoa wimbo mwingine, "1982", uliopanda hadi nafasi ya 6, na redio zilipokwisha kuizoea ile sauti, ikautoa upya ule wa kwanza bila kubadilisha noti hata moja. Mwezi Julai 1986 ulikuwa namba moja. Tukio hilo dogo linanifundisha kuhusu Travis kuliko tuzo zake zote, kwa sababu rekodi ilikuwa ile ile na mwimbaji yule yule, na kilichobadilika ni sikio la msikilizaji tu.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kwa kasi. Albamu "Storms of Life" ya mwaka 1986 ilipita mauzo ya nakala milioni 3 nchini Marekani. Desemba mwaka huo alipokelewa kuwa mwanachama wa Grand Ole Opry, kipindi cha redio cha Nashville ambacho kimekuwa hewani tangu mwaka 1925. Albamu ya pili, "Always & Forever", ilikaa namba moja kwa wiki 43 na kufikia nakala milioni 5. Zikafuata Grammy, vibao 16 vilivyofika kileleni, na kundi zima la vijana waliopita mlango alioufungua: Alan Jackson, Clint Black, na Garth Brooks ambaye mara nyingi ametamka hadharani kwamba Travis ndiye aliyeuokoa muziki wao.

Hapa ndipo inabidi kusimama na kulitazama jambo ambalo wasifu wake mwingi hulipita haraka. Travis alikuwa mtunzi pia. Wimbo "I Told You So", namba moja mwaka 1988, aliuandika mwenyewe, na Carrie Underwood alipourudia miaka ishirini baadaye ulimletea tena faida na heshima. Lakini nyimbo zilizomjenga, kuanzia "On the Other Hand" hadi "Forever and Ever, Amen" na ule wa mwaka 2002 wa "Three Wooden Crosses", ziliandikwa na wengine. Hilo si aibu. Katika kantri ya asili mwimbaji hodari ni kama mtambaji wa tenzi: shairi ni la mwingine, lakini bila koo lake shairi hubaki karatasi. Kwa hiyo mali ya Travis, shamba lake hasa, ilikuwa namna alivyolitoa neno mdomoni.

Sasa, redio ya AM au FM nchini Marekani inapopiga wimbo, humlipa mtunzi na mchapishaji wake. Mwimbaji halipwi kitu kwa mpigo huo, wala mwenye rekodi, wala mpiga fidla aliyekuwa studio siku hiyo. Kwa matangazo ya setilaiti na intaneti haki ya malipo ipo tangu sheria ya mwaka 1995, lakini redio ya kawaida imebaki nje, na Marekani imekuwa miongoni mwa nchi chache duniani zenye mpango wa aina hiyo. Wenye vituo husema kwamba redio ndiyo inayomtangaza mwimbaji, naye hupata chake kwenye mauzo na kwenye maonyesho. Hoja hiyo ina ukweli kwa kijana anayeweza kupanda basi la ziara kila wiki. Travis mwenyewe aliinuliwa na redio, kama nilivyoeleza, na asingekataa hilo.

Msomaji wa Afrika Mashariki anaweza kushangaa, kwa kuwa huku kwetu mwimbaji anatambuliwa. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 humpa mwimbaji na mtayarishaji wa rekodi haki zao kando na za mtunzi, na ndiyo sababu kukawa na chama cha kukusanya mirabaha ya waimbaji, PRISK, kilicho tofauti na vyama vya watunzi. Malalamiko juu ya makusanyo na mgao ni mengi, na mengi ni ya haki, lakini wanaolalamika wanagombania kiasi na njia ya kulipa. Kwamba mwimbaji anastahili kulipwa ni jambo lililokwisha kukubaliwa. Na kuna mkato mwingine usiojulikana sana. Kwa kuwa Marekani haiwalipi waimbaji wa nje redio zake zinapowapiga, nchi kadhaa nazo huzuia malipo ya waimbaji wa Kimarekani. Muziki wa kantri una wapenzi wengi Kenya tangu zama za rekodi za Jim Reeves, na Travis ni mmoja wa wale ambao sauti zao zimesafiri mbali zaidi kuliko mapato yao.

Mwezi Julai 2013, nyumbani kwake Texas, Travis aliugua. Miaka miwili hivi iliyotangulia haikuwa mizuri. Mwaka 2012 alikamatwa kwa kuendesha gari akiwa amelewa, na habari zake zikawa za mahakama badala ya muziki. Safari hii virusi vilikuwa vimeudhoofisha moyo wake, na akiwa hospitalini alipigwa na kiharusi kikubwa. Madaktari walilazimika kumfanyia upasuaji kupunguza shinikizo kwenye ubongo. Mary Davis, ambaye angekuja kufunga naye ndoa mwaka 2015, amesimulia kwamba alishauriwa kukubali mashine zizimwe, na kwamba alipomwinamia na kumuuliza kama anataka kuendelea kupigana, alihisi mkono wake ukibinywa na kuona chozi likimtoka. Travis alikaa hospitalini kwa miezi. Wakati yuko humo ilitoka albamu yake ya nyimbo za waliomtangulia, akina Haggard na Frizzell, aliyokuwa ameirekodi kabla ya ugonjwa. Mwanafunzi alikuwa amewalipa walimu wake heshima yao kabla tu ya kunyamaza.

Kiharusi kilimwachia udhaifu wa upande wa kulia na hali inayoitwa afasia. Ni muhimu kuelewa afasia ni nini, kwa kuwa sehemu ya tatu ya kisa hiki inategemea jambo hilo. Mwenye afasia ya aina inayozuia usemi hajapoteza akili, na mara nyingi anaelewa sehemu kubwa ya anayoambiwa. Kilichokatika ni njia baina ya neno alilonalo kichwani na ulimi. Wataalamu wa tiba ya usemi wamejua kwa muda mrefu kwamba mgonjwa asiyeweza kukamilisha sentensi anaweza wakati mwingine kuimba ubeti aliouzoea, kwa kuwa kuimba hakutegemei upande wa kushoto wa ubongo peke yake. Ndiyo maana Oktoba 2016, alipoingizwa katika Jumba la Heshima la Muziki wa Kantri, mtu ambaye hakuweza kutoa hotuba ya shukrani aliweza kuimba "Amazing Grace". Sauti ilikuwa nyembamba, ikikwama hapa na pale, na watu wazima ukumbini walikuwa wakifuta machozi.

Aprili 2023 wimbo mmoja wenye sauti za kuiga, zilizotengenezwa kwa akili mnemba, za waimbaji Drake na The Weeknd ulisambaa mitandaoni bila wao kushirikishwa, na tasnia nzima ikashtuka. Mwaka uliofuata, tarehe 3 Mei 2024, Warner Music Nashville ilitoa "Where That Came From", ulioandikwa na Scotty Emerick na John Scott Sherrill, kwa jina la Randy Travis na kwa sauti yake ya ujanani. Walichofanya ni hiki. Walichukua rekodi 42 za sauti yake zilizotengwa na ala, za kuanzia mwaka 1985 hadi 2013, wakaifundisha mashine rangi ya sauti hiyo. Dupré aliuimba wimbo mzima. Mashine ikaivua rangi ya sauti ya Dupré na kuivika ile ya Travis. Kisha Lehning, mtayarishaji yule yule wa mwaka 1985, akaketi kusahihisha silabi kwa silabi, kwa kuwa mashine ilijua rangi ya sauti ya Travis lakini haikujua anapochelewa kulitoa neno, wala anapoliacha lianguke.

Nimeusikiliza wimbo huo mara nyingi, na hukumu yangu imetulia. Ni picha nzuri ya mtu, iliyochorwa na anayemfahamu, kwa idhini ya mwenye sura. Siuiti onyesho la uimbaji wake, kwa sababu pumzi iliyomo ni ya Dupré na maamuzi ya mikunjo ni ya Lehning, ambaye ameibeba sauti ya rafiki yake kichwani kwa karibu miaka arobaini. Hilo halipunguzi heshima ya wimbo huo. Linaeleza tu kwa nini ulifaulu. Mashine hiyo hiyo mikononi mwa mtu asiyemjua Travis ingetoa kitu kinachofanana naye kama kinyago kinavyofanana na uso.

Kuna pingamizi moja ninaloliona zito, nalo ni la ridhaa. Ikiwa mtu hawezi kusema, tunajuaje kwamba amekubali? Wapo waliolitumia swali hili kuukataa mradi mzima, na sikubaliani nao, kwa sababu kudai ushahidi wa maneno kutoka kwa mwenye afasia ni kumnyang'anya haki ya kuamua kwa kosa la ugonjwa wake. Travis alihusishwa hatua kwa hatua, alisikiliza, na hisia zake usoni alipousikia wimbo ziliwatosha waliokuwapo. Lakini swali lenyewe linabaki halali kwa watakaofuata, hasa kwa marehemu ambao warithi wao watajaribiwa na fedha. Jimbo la Tennessee lilikuwa limejibu sehemu yake wiki sita kabla ya wimbo kutoka: tarehe 21 Machi 2024 gavana Bill Lee alitia saini sheria inayojulikana kwa kifupi kama ELVIS Act, iliyoanza kutumika Julai mwaka huo, ambayo inaitaja sauti ya mtu waziwazi kuwa mali inayolindwa dhidi ya kuigwa bila idhini yake.

Tazama basi mahali sauti ya Travis iliposimama kisheria katikati ya mwaka 2024. Huko Nashville, mtu akiiiga kwa mashine bila ruhusa, anashtakiwa. Redio ikiipiga ile halisi kutwa mara kumi, mwenyewe hapati kitu. Tarehe 26 Juni 2024 Travis alikwenda Washington, mbele ya kamati ndogo ya Baraza la Wawakilishi inayoshughulikia haki za ubunifu, kuunga mkono mswada uitwao American Music Fairness Act, ambao ungevitaka vituo vya AM na FM viwalipe waimbaji, huku vituo vidogo vyenye mapato yasiyozidi dola milioni 1.5 kwa mwaka vikichangia dola 500 tu kwa mwaka. Aliketi mezani na Mary ndiye aliyesoma maelezo. Hoja yao haikuhitaji mapambo. Utetezi wa redio kwamba mwimbaji atapata chake kwenye ziara unamhusu mwimbaji mzima wa afya. Kwa aliyepigwa na kiharusi akiwa na miaka 54, ziara zilikatika siku ile ile, na nyimbo zikaendelea kupigwa.

Dupré naye hakufichwa. Jina lake lilitajwa tangu siku ya kwanza kuwa ndiye aliyeimba msingi, na ndilo linalosimama kwenye matangazo ya ziara pamoja na la Travis. Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani iliukubali wimbo huo usajiliwe, ikiiona mashine kuwa chombo kilichotumika kuitengeneza sauti, na kazi yenyewe kuwa ya binadamu. Kwa hiyo "Where That Came From" unalindwa kama rekodi nyingine yoyote, na unapopigwa kwenye redio ya FM ya Nashville unalipiwa kama nyingine yoyote: Emerick na Sherrill na wachapishaji wao wanapata mirabaha yao, na Randy Travis, ambaye kwa sababu ya sauti yake wimbo huo ulirekodiwa, hapati hata senti moja.